Kahawa ya Kiwanja cha Ndege: Majibu kwa Wasomaji Wanaosafiri

SWALI: Ndugu Mshauri, kazi yangu hunilazimu kusafiri kwa ndege mara kwa mara, na safari nyingi huanza alfajiri. Nyumbani huandaa kahawa yangu kwa uangalifu, lakini ninayoinunua kiwanjani huwa chungu na yenye ladha ya kuungua, au huwa nyepesi hata nikajiuliza kama kweli ndani yake mna kahawa. Nimenunua kwenye vibanda vya makampuni makubwa na kwenye vidogo visivyojulikana, na matokeo hayatofautiani. Je, kuna namna ya kutambua, kabla ya kulipa, kwamba nitapewa kahawa inayonyweka? — Msafiri wa alfajiri

JIBU: Namna ipo, ndugu msafiri, nayo haihitaji utaalamu mkubwa; inahitaji macho na dakika chache. Wengi wetu huchagua kibanda kwa kutazama jina lililoandikwa juu yake. Jina hukuambia mbegu zilikaangwa na nani, lakini haliwezi kukuambia zilisagwa lini wala kinywaji kimekaa muda gani tangu kiandaliwe, na uharibifu mwingi wa kahawa ya kiwanjani hutokea katika vipindi hivyo viwili. Kwa hiyo majibu yangu yote, hili na yatakayofuata, yanategemea kanuni moja: nunua kahawa inayosagwa na kuandaliwa baada ya wewe kuiagiza, na uiache ile iliyokuwa tayari kabla hujafika.

Mbegu ya kahawa iliyokaangwa huhifadhi ndani yake gesi ya kaboni dayoksidi pamoja na mamia ya kemikali za harufu ambazo huruka kwa urahisi. Ikibaki nzima hutunza hazina hiyo kwa wiki kadhaa, lakini ikishasagwa, sehemu inayoguswa na hewa huongezeka maradufu mara nyingi, gesi hutoka, oksijeni huingia, na harufu huanza kupotea ndani ya dakika chache tu. Kahawa iliyokwisha kuchujwa nayo ina adui wake, yaani moto usiozimwa. Lile birika la kioo unaloliona limeketi juu ya sahani ya moto huendelea kupika kilichomo: asidi za klorojeniki, ambazo ni za asili katika kahawa, huvunjika na kuzaa asidi ya kwiniki na asidi ya kafeiki, na hapo ndipo unapopata ule ukali unaokwaruza koo. Ikikaa hivyo zaidi ya nusu saa, hata kahawa iliyoandaliwa vizuri hugeuka kuwa kinywaji kingine kabisa. Chupa ya kuhifadhi joto ina nafuu, kwa sababu haipiki tena, ingawa harufu huendelea kupungua humo pia. Ukitaka kahawa ya kuchuja, basi muulize mhudumu kwa adabu imechujwa saa ngapi. Swali hilo halimuudhi mtu anayejali kazi yake, na mara nyingi litamfanya aanzishe nyingine mpya.

Sasa tazama kibanda chenyewe ukiwa bado mbali na foleni. Jambo la kwanza ni mashine ya kusagia: je, ina mbegu nzima juu yake, na je, inanguruma kila oda mpya inapoingia? Ikiwa inanyamaza kwa wateja watatu au wanne mfululizo, unga wao umesagwa mapema na umekaa. Jambo la pili ni bomba la mvuke linalochemshia maziwa. Likiwa na gamba jeupe lililokauka, usafi wa mahali hapo una walakini, na wala si bombani tu. Tazama pia kama maziwa yanamiminwa mapya kutoka kwenye pakiti, au kama jagi lililobaki na maziwa ya mteja aliyetangulia linapashwa moto mara ya pili. Maziwa huwa na utamu mzuri yakifikishwa kati ya nyuzijoto 55 na 65 za Selsiasi. Yakipita 70, protini zake hubadilika, povu huwa gumu na harufu ya kuungua hutokeza, na kuyarudia motoni huzidisha kasoro hiyo.

Kisha hesabu muda. Espreso, yaani kahawa nzito inayopatikana kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu kupitia unga wa kahawa, ikitengenezwa vizuri hutiririka kwa takribani sekunde 25 hadi 30, kwa maji ya nyuzijoto 90 hadi 96, chini ya kanieneo la takribani baa 9, yaani mara tisa ya kanieneo la hewa ya kawaida. Mashine za kwanza, kama ile ambayo Luigi Bezzera wa Milan aliipatia hataza mwanzoni mwa karne ya 20, zilisukuma maji kwa mvuke, na kanieneo lake lilikuwa dogo huku joto likizidi kiasi. Wenzo wa Achille Gaggia, yaani mkono wa mashine unaovutwa ili kusukuma maji, ulioingia sokoni mwaka 1948 ndio ulioleta nguvu ya kutosha ya kutoa lile povu la dhahabu tunalolijua leo. Kumbuka basi kwamba mashine hizi zilibuniwa kwa ajili ya mtu anayetaka kikombe chake mwenyewe, kilichotengenezwa papo hapo, bila kukaa sana, na mtu huyo ndiye abiria. Ukiona kahawa inamwagika kwa sekunde 10 tu, itakuwa nyepesi na chachu. Ikidondoka kwa dakika nzima, itakuwa chungu. Huhitaji saa ya kupimia. Hesabu kimoyomoyo wakati wa mteja aliye mbele yako.

Kuhusu mashine zinazojiendesha zenyewe, zile zenye vitufe, naona watu wengi wazijuao kahawa huzidharau bila haki. Mashine ya aina hiyo yenye mbegu nzima husaga upya kwa kila kikombe na haichoki wala kufanya haraka abiria wanapojazana, hivyo ikiwa inasafishwa ipasavyo hutoa kahawa bora kuliko mtu aliyefundishwa nusu siku. Hata vile vidonge vya mashine, yaani vikopo vidogo vya kahawa iliyosagwa vilivyofungwa visiingize hewa, ambavyo sivipendi kwa taka zinazobaki, ningevichagua kabla ya birika lililokaa juu ya moto tangu asubuhi.

Katika kuagiza, ushauri wangu ni espreso maradufu au amerikano, yaani espreso iliyoongezwa maji ya moto, kwa sababu vyote viwili haviwezi kuandaliwa mapema vikakaa. Ukishaonja ukagundua kwamba mbegu za mahali hapo zimekaangwa kupita kiasi, safari ijayo chukua kinywaji cha maziwa, ila kidogo. Mafuta na sukari ya asili ya maziwa hufunika uchungu, lakini katika vibanda vingi kikombe kikubwa huwa na kipimo kilekile cha kahawa kilichomo katika kile cha kati, na kinachoongezwa ni maziwa matupu. Muulize mhudumu kuna vipimo vingapi vya espreso ndani yake kabla hujalipia ukubwa.

Una nafasi ya kuketi? Omba kikombe cha kauri. Kikombe cha karatasi chenye kifuniko cha plastiki huizuia harufu isifike puani, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni kazi ya pua. Kama hakuna kikombe kingine, angalau ondoa kifuniko ukiwa umesimama. Ngoja pia kahawa ipoe kidogo. Ikiwa bado inaunguza, ulimi hauwezi kutambua utamu wala uchachu wake, na kuna sababu ya kiafya vilevile: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2016 liliviweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzijoto 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Hukumu hiyo ilihusu joto, na kahawa yenyewe haikuwekwa katika kundi hilo.

Limebaki suala la wakati, ambalo huharibu kahawa nyingi kuliko mbegu mbovu. Pita ukaguzi wa usalama kwanza, ulitambue geti lako na umbali wake, ndipo utafute kahawa. Kibanda cha kwanza baada ya ukaguzi hupokea umati wote, na wahudumu wake hukimbizana. Ukitembea kuelekea mwisho wa ukumbi kwa kawaida foleni hupungua. Lakini usikimbilie kibanda kisicho na mtu hata mmoja, kwa kuwa mahali pasipo na wateja mbegu hukaa siku nyingi juu ya mashine. Foleni fupi inayosogea ndiyo dalili njema. Na kwa kuwa wewe husafiri alfajiri, zingatia kwamba mashine kubwa ya espreso huhitaji nusu saa au zaidi kupata joto sawasawa hadi kwenye vyuma vyake. Mteja wa kwanza wa kibanda kilichofunguliwa sasa hivi anaweza kupata kahawa chachu iliyopoa nusu. Waachie wawili au watatu wakutangulie.

SWALI: Mimi huona ni usumbufu kununua kahawa kiwanjani wakati wahudumu wa ndege wataileta muda mfupi baada ya kuruka. Hata hivyo mume wangu hushikilia kwamba kahawa ya angani haiwezi kuwa nzuri kwa sababu maji hayachemki vizuri huko juu. Je, ni kweli? — Mke wa mpenda kahawa

JIBU: Mume wako amefikia hukumu sahihi kwa njia isiyo sahihi, mama. Ni kweli kwamba ndani ya ndege ya abiria hewa huwekwa katika kanieneo linalolingana na lile la mlima wenye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400, na katika kimo hicho maji huchemka kwa nyuzijoto 92 hadi 94 hivi badala ya 100. Lakini nimekwisha kutaja kwamba kahawa huandaliwa vizuri kwa maji ya nyuzijoto 90 hadi 96, kwa hiyo kiwango hicho cha kuchemka peke yake hakitoshi kuiharibu.

Kinachoiharibu ni mambo mengine. Kahawa ya ndegeni kwa kawaida imesagwa siku nyingi kabla na kufungwa katika pakiti zenye kipimo, kisha huchujwa kwa wingi na kusukumwa katika birika kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho, na wewe uliyeketi nyuma hupewa kilichokaa zaidi. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu mno. Unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, na pua iliyokauka hainusi ipasavyo. Watafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, walioombwa na shirika la ndege la Lufthansa kuchunguza jambo hili, walitumia chumba kilichoiga hali ya angani na kuona kwamba uwezo wa watu kuhisi chumvi na sukari hupungua kwa kiasi kikubwa humo. Uchungu haupungui kwa kadiri hiyo. Maana yake ni kwamba kahawa ileile uliyoipenda chini, ukiinywa juu, utamu wake unafifia na uchungu wake unabaki wazi.

Wapo pia wanaouliza juu ya maji. Maji ya kahawa ya ndegeni hutoka kwenye tangi la ndege, na matangi hayo yana kanuni zake; Marekani, kwa mfano, ilitoa mwaka 2009 kanuni zinazoyataka mashirika ya ndege kuyapima na kuyasafisha kwa dawa kwa vipindi maalumu. Mtu mwenye afya njema hana haja ya kuogopa, ila mwenye kinga dhaifu ya mwili afadhali anywe kilichofungwa kiwandani. Kwa upande wangu, kahawa ni ya ardhini na maji ya kunywa ni ya angani. Usumbufu wa kununua kabla ya kupanda unalipa, mama, ikiwa unajali ladha. Ikiwa unachotaka ni joto na kuamka tu, endelea kungoja bila majuto.

SWALI: Je, naweza kubeba vifaa vyangu mwenyewe na kutengeneza kahawa nikiwa nasubiri ndege? Naogopa kunyang'anywa kwenye ukaguzi. — Mwanafunzi anayesafiri na mkoba mmoja

JIBU: Unaweza, na kwa mtu mwenye mkoba mmoja ni njia ninayoipenda kuliko zote, maana hukupa uhakika popote utakapokuwa. Kinachozuiliwa hasa ni vimiminika. Tangu njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya kimiminika ilipofichuliwa nchini Uingereza mwezi Agosti 2006, viwanja vingi duniani havimruhusu abiria kupita ukaguzi na chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100. Baadhi ya viwanja vyenye mashine mpya za uchunguzi vimelegeza masharti hayo, lakini usijenge safari yako juu ya ulegevu wa kiwanja kimoja, kwa kuwa utakapobadilisha ndege unaweza kukuta kingine kinachofuata sheria ya zamani. Pita na kikombe kitupu, hakuna anayekikataza.

Kahawa iliyosagwa ni kitu kikavu, na kiasi cha safari moja hakina tatizo. Ukielekea Marekani, fahamu kwamba tangu mwaka 2018 unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350 unaweza kutengwa na kukaguliwa zaidi, kwa hiyo ukibeba kahawa nyingi ya zawadi iweke kwenye mzigo unaoingia chini ya ndege. Kwa vifaa, anza na koni ndogo ya plastiki na karatasi za kuchujia, ambazo tumerithi kutoka kwa Melitta Bentz, mama wa Kijerumani aliyezipatia hataza mwaka 1908 kwa sababu alichoshwa na machicha kikombeni. Kifaa cha AeroPress, bomba la kukamulia kahawa kwa kusukuma kwa mkono, kilichobuniwa na Alan Adler na kuanza kuuzwa mwaka 2005, ni cha plastiki, hakivunjiki kwa urahisi na husafishwa kwa kusukumwa mara moja. Wepesi kuliko vyote ni vifuko vya karatasi vyenye kahawa ndani, vinavyoning'inizwa kwenye ukingo wa kikombe na kumiminiwa maji ya moto. Kinu cha mkono ni chuma kizito chenye umbo lisilozoeleka kwenye picha ya mashine ya ukaguzi, kwa hiyo kikae juu ya mkoba ili uweze kukitoa haraka na kukieleza. Uamuzi wa mwisho ni wa mkaguzi, na kubishana naye hakujawahi kumwahisha mtu getini.

Baada ya hapo nenda kwenye mgahawa ulio tulivu, nunua kitu kidogo, na uombe maji ya moto. Gramu 15 za kahawa kwa mililita 250 za maji ni kipimo kizuri; zipime nyumbani na kuzifunga katika vipakiti vidogo usije ukahangaika kukisia. Kusaga nyumbani asubuhi ya safari kunapunguza harufu, kama nilivyomweleza msafiri wa alfajiri, lakini kahawa nzuri iliyosagwa saa tatu zilizopita na kufungwa vizuri bado huishinda mbaya iliyosagwa sasa hivi. Jambo moja nakusihi kwa dhati: usifanye kazi hii ukiwa ndani ya ndege. Maji ya moto kwenye kiti chembamba, pamoja na mtikisiko usiotabirika, yameunguza watu, na atakayeungua anaweza kuwa mtoto aliyeketi kando yako. Hata kikombe ulichonunua, hakikisha kina kifuniko kinachoshika kabla ya kupanda, na wahudumu wakikutaka ukimalize mlangoni, watii.

SWALI: Nina ujauzito wa miezi mitano na nitasafiri usiku. Natamani kikombe kimoja kabla ya kupanda, lakini pia nataka kulala. Nifanyeje? — Mama mtarajiwa

JIBU: Hongera, mama. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula, katika tathmini yake ya mwaka 2015, iliona kwamba kafeini isiyozidi miligramu 200 kwa siku haileti wasiwasi kwa mtoto aliye tumboni. Kwa watu wazima wengine kiwango ni 400. Espreso moja ina takribani 60 hadi 80, na kikombe cha kahawa ya kuchuja cha mililita 240 kina 95 hivi, ingawa vikombe vikubwa vya viwanjani huzidi hapo kwa mbali. Hesabu pia chai, soda za kola na chokoleti ulizotumia tangu asubuhi, na ikiwa daktari au mkunga wako amekupa kiwango cha chini zaidi, fuata chake.

Usingizi ndio hoja nzito zaidi. Kafeini hufikia kilele chake katika damu ndani ya muda wa saa moja hivi, na kwa mtu mzima nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya saa tano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 zilizonywewa saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Katika ujauzito mwili huiondoa kafeini polepole zaidi, na kadiri miezi inavyosonga ndivyo inavyokawia. Kwa hiyo kahawa ya kawaida inywe mchana, na jioni kiwanjani uagize ile iliyoondolewa kafeini, ambayo hubakiwa na miligramu chache tu.

Hapo lakini uwe mwangalifu, kwa sababu vibanda vingi vina mashine moja ya kusagia, nayo hutumika kwa mbegu za kawaida, hivyo kahawa isiyo na kafeini huchotwa kutoka kwenye kopo la unga uliosagwa tangu lini haijulikani. Uliza kama wana mashine ya pili kwa ajili yake. Wakiwa nayo, agiza bila wasiwasi. Wasipokuwa nayo, omba iwe na maziwa, kikombe kidogo, na uimalize mapema kiasi cha kukuwezesha kwenda msalani kabla ya kupanda, kwa maana ndege ikianza kupaa utalazimika kuketi na mkanda wako hadi taa ya ishara izimwe.